Oksidi ya zinki chini ya leza: dalili za vipimo vilivyokwenda mrama na namna ya kuvinyoosha

Oksidi ya zinki ni ile poda nyeupe iliyomo kwenye mafuta ya kukinga jua na kwenye dawa ya kumpaka mtoto mwenye vipele vya nepi. Ikikuzwa kuwa utando mwembamba, vijiti au chembe za nano, kisha ikapigwa na leza kali, hufanya mambo ambayo taa ya kawaida haiwezi kuyaamsha. Fotoni (chembe za mwanga) mbili za infraredi za nm 1064 (nanomita) huungana ikatoka fotoni moja ya kijani ya nm 532. Hiyo ndiyo harmoniki ya pili. Fotoni mbili za kijani humezwa kwa mpigo mmoja ingawa moja peke yake ingepita salama. Huo ni ufyonzaji wa fotoni mbili. Na kiasi ambacho sampuli inaupinda mwanga hubadilika kadiri mwanga unavyozidi ukali, badiliko linalopimwa kwa namba inayoandikwa n2.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu mtu aliyekaa mbele ya osiloskopu saa nne usiku haanzi na kisababishi. Anaanza na mstari ulionyooka pale alipotarajia bonde, au mlima mkubwa mahali alipotarajia kichuguu. Chini ya kila dalili vinatangulia visababishi vinavyotokea mara nyingi, pamoja na ukaguzi usiohitaji kifaa kipya. Neno moja litajirudia hadi mwisho: pima patupu. Pima kioo kisicho na utando, pima kimiminika kisicho na chembe, pima pale ambapo sampuli haipo. Matokeo mengi ya ajabu niliyoletewa kuyaangalia yalianguka kwenye kipimo hicho kimoja.

Namba chache za kukaa nazo mezani. Pengo la nishati la oksidi ya zinki, yaani nishati ya chini kabisa ambayo fuwele inaanza kuifyonza, kwenye joto la chumba ni eV (elektronivolti) 3.37, sawa na mwanga wa nm 368 hivi. Fotoni ya nm 1064 ina eV 1.17, ya nm 800 ina 1.55, na ya nm 532 ina 2.33. Kwa hiyo fotoni mbili za nm 532 zinaruka pengo, mbili za nm 800 haziruki, na hata hizo za nm 800 zikiwa tatu zinaruka. Hesabu hii ndogo itakuokoa mara nyingi huko mbele.

Hakuna harmoniki ya pili kabisa

Leza ya nm 1064 inapiga, kipokezi kimewashwa, na kwenye nm 532 hakuna kitu.

Anza na pembe. Hiki ndicho kisababishi nilichokutana nacho zaidi ya vingine vyote, na hakihitaji hata bisibisi. Vijiti na tando nyingi za oksidi ya zinki hukua zikisimama wima juu ya kioo, mhimili mkuu wa fuwele, yaani mhimili c, ukitazama juu. Ukiuelekeza mwale wima kabisa kwenye uso wa sampuli, uwanja wa umeme wa mwanga unalala sambamba na utando na kuukata mhimili huo kwa nyuzi 90. Fuwele inatetema kweli kwa masafa maradufu, ila inatetema mbele na nyuma kwenye njia ile ile ya mwale, na chanzo kinachotetema hivyo hakitumi mwanga mbele yake. Sifuri unayoiona ni jibu sahihi la fizikia. Zungusha sampuli mpaka mwale uingie kwa nyuzi 45 hadi 60, kisha tafuta upya.

Cha pili ni mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, yaani polaraizesheni. Kwa utando uliosimama wima kama huo, harmoniki hutoka ikitetema ndani ya bapa la mwingilio, yaani lile lenye mwale na mstari uliosimama wima juu ya sampuli, iwe mwale ulioingia unatetema ndani ya bapa hilo au wima juu yake. Kama polaraiza ya upande wa kutokea imewekwa kupitisha mtetemo ulio wima juu ya bapa, utakaa usiku kucha bila kuona kitu, isipokuwa mwale wako unaingia kwa mtetemo wa mshazari. Izungushe nyuzi 90 kabla hujaanza kulaumu sampuli.

Baada ya hapo angalia vichujio. Kichujio cha kuzuia infraredi kilichokosewa rafu huzuia na kijani. Chukua leza ndogo ya kijani, ipitishe kwenye msururu wako wote wa vichujio, uone kama inafika kwenye kipokezi. Dakika mbili tu.

Sampuli yenyewe naiweka mwishoni kwa makusudi, maana ndiyo watu hukimbilia kuitupa. Utando uliotengenezwa kwa asetati ya zinki usipookwa vizuri kwenye tanuru, kwa kawaida nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, haujipangi kuwa fuwele, na bila fuwele hakuna harmoniki ya maana. Mashine ya mionzi ya X itakuambia: tafuta kilele cha 002 karibu na nyuzi 34.4. Kikiwepo hicho peke yake na kirefu, fuwele zimesimama wima na tatizo lako liko mahali pengine. Vikitokea na 100 kwenye 31.8 na 101 kwenye 36.3 kwa nguvu, fuwele zimelala ovyo, na ishara yako itatawanyika kila upande. Hapo sogeza lenzi kubwa ya kukusanyia karibu na sampuli.

Wenye leza inayobadilishwa rangi wakumbuke jambo moja: ukishuka chini ya nm 736 hivi, harmoniki inazaliwa ndani ya eneo ambalo oksidi ya zinki yenyewe inalifyonza. Mtoto anamezwa na mama yake. Rudi nm 800 au zaidi.

Kijani kipo hata sampuli ikiondolewa

Ni dalili njema kwamba umekumbuka kupima patupu.

Kisababishi cha kwanza ni mabaki ya kijani ndani ya leza yenyewe. Leza nyingi za Nd:YAG, zile zinazotoa nm 1064, zina fuwele ya kuzalishia nm 532 ndani ya sanduku lake, na hata ukichagua tundu la nm 1064, kijani kidogo hutoka nacho. Weka kichujio kinachopitisha infraredi tu, kwa mfano kioo cha Schott RG850, mara kabla ya sampuli. Neno muhimu ni hilo la mara kabla: ukikiweka mwanzoni mwa meza, kila kioo na lenzi itakayofuata inaweza kukuchafulia tena. Ukiziba mwale na kijani kikabaki, basi ni mwanga wa taa ya kupampu leza au taa ya chumba. Funika njia kwa bomba jeusi la karatasi.

Cha pili kinawapata waliofanya kila kitu vizuri. Kuna wanaonunua vibao vya kwatzi wakidhani wamenunua silika iliyoyeyushwa, kwa sababu maduka huviita vyote jina moja. Silika iliyoyeyushwa haina mpangilio wa fuwele na haitoi harmoniki ya pili ndani yake. Kwatzi ya fuwele inatoa, tena ndiyo iliyotoa harmoniki ya pili ya kwanza kabisa kutangazwa duniani: mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipiga kwatzi kwa leza ya yakuti ya nm 694.3 wakapata mwanga wa nm 347. Doa la mwanga huo kwenye picha yao lilikuwa hafifu hata kwenye jarida lilichapwa likiwa limefutwa, likidhaniwa ni uchafu. Nalikumbuka doa hilo kila ninapotaka kufuta kitu kidogo kwenye data.

Kibao cha kwatzi chenye unene wa mm 1 kinaweza kuufunika utando wako kabisa. Kipime kitupu kwenye pembe zote. Yakuti samawi haina shida hii, kwani mpangilio wa fuwele yake una ulinganifu unaoizuia harmoniki ya pili ndani yake.

Mteremko si 2

Harmoniki ya pili inakua kwa mraba wa nguvu ya leza. Ukichora ishara dhidi ya nguvu, pande zote kwa logi, mstari uwe na mteremko wa 2. Watu huniletea 1.4, huniletea 2.9.

Ukiwa chini ya 2, kwanza shuku kipokezi kilichoshiba. Ukaguzi wake ni mwepesi na wa kuaminika: weka mbele ya kipokezi kichujio cha kijivu kinachopitisha sehemu moja ya kumi, kisha uone kama ishara inashuka mara kumi kwenye nguvu ndogo na pia kwenye nguvu kubwa. Ikishuka mara kumi chini na mara nne tu juu, kipokezi kimeshiba. Acha kichujio hapo na uanze upya. Kama hakijashiba, rudia kipimo ukitoka nguvu kubwa kwenda ndogo. Njia mbili zisipolingana, sampuli imeungua katikati ya safari.

Ukiwa juu ya 2, kuna mwanga mwingine umejichanganya. Kwa leza ya nm 800, harmoniki ni nm 400, lakini fotoni tatu zikimezwa pamoja oksidi ya zinki inawaka yenyewe karibu na nm 380. Kichujio kipana kinavipitisha vyote viwili na mteremko unavutwa kuelekea 3. Hamisha leza kutoka nm 800 hadi 820: harmoniki itahama hadi nm 410, ule mwako utabaki palepale. Kwa leza ya nm 1064 mtego uko kwenye kijani chenyewe, maana kasoro za fuwele hutoa mwanga mpana kati ya nm 500 na 550, na nm 532 iko katikati yake. Spektromita inatenganisha kwa jicho: harmoniki ni mstari mwembamba, kasoro ni kilima. Usipokuwa na spektromita, tazama muda kwenye osiloskopu. Harmoniki inakufa pamoja na pigo la leza. Mwanga wa kasoro unaburuta mkia.

Ukiona mistari myembamba ikichomoza ghafla karibu na nm 385 baada ya kizingiti fulani, huenda vijiti vyako vimegeuka kuwa leza. Kundi la Peidong Yang huko Berkeley lilionyesha jambo hilo mwaka 2001. Ni kazi nyingine yenye hesabu zake. Usiiingize kwenye mchoro wa harmoniki.

Simama hapa: ukisikia mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika, au ukaona cheche nyeupe juu ya sampuli, ziba mwale mara moja. Hiyo ni plazma, data yote kuanzia hapo haifai, na cheche inaweza kurudisha mwanga kwenye leza au machoni.

Mchoro wa skani ya Z umeinama au una upande mmoja

Skani ya Z, njia iliyoletwa na Mansoor Sheik-Bahae, Eric Van Stryland na wenzao mwaka 1989, ni rahisi kuieleza: unaisogeza sampuli kupita kwenye fokasi ya lenzi, unapima mwanga unaopita kwenye kitundu kidogo kilicho mbali. Kilele na bonde vinakupa n2. Kilele kikitangulia bonde, sampuli inautawanya mwale na n2 ni hasi. Bonde likitangulia, ni chanya.

Mstari ukiwa umeinama kote, sampuli haitembei sambamba na mwale. Ondoa sampuli, acha kishikio kitupu kitembee, angalia kama mwale unakatwa mahali. Kukiwa na vigongo vidogo vingi, utando una vumbi au unene usiolingana. Dawa yake ya uhakika ni kupima mara mbili mahali pale pale: kwanza kwa nguvu ndogo sana, ambayo haiamshi chochote kinachotegemea ukali wa mwanga, kisha kwa nguvu kamili, na kugawanya cha pili kwa cha kwanza. Vigongo vya uso vitafutika.

Kilele kikubwa na bonde dogo, au kinyume chake, mara nyingi maana yake kuna ufyonzaji pamoja na upindaji. Pima tena kitundu kikiwa wazi, kisha gawanya mchoro wa kitundu kidogo kwa huo. Mchoro ukibaki hivyohivyo, kitundu hakijakaa katikati ya mwale, au mwale wenyewe haujakaa vizuri. Uangalie kwa kamera kabla ya kufungua chochote.

Kuna kosa la kibomba, kile kichupa cha kioo kinachobeba kimiminika, ambalo linaumiza wengi. Kwa mwale wa nm 532 wenye nusu upana wa mikromita 20 kwenye fokasi, urefu wa fokasi unaohesabika, yaani z0, ni mm 2.4 tu. Fomula wanazotumia wengi zinataka sampuli iwe nyembamba kuliko hapo. Kibomba cha kawaida cha maabara kina mm 10. Tumia cha mm 1, au badilisha lenzi upate fokasi ndefu zaidi. Kwa mwale huohuo umbali wa kilele hadi bonde uwe karibu mm 4, mara 1.7 ya z0. Ukipata mm 9, usiendelee na hesabu. Kuna kitu kingine.

n2 ni kubwa kupita kiasi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nguvu za watu zinapotea na hapa ndipo tasnifu zinapojengwa juu ya mchanga.

Kisa chenyewe kinafanana kila mara. Mtu ana chembe za oksidi ya zinki ndani ya ethanoli au maji, na leza ndogo ya kijani isiyokatika. Anafanya skani ya Z, anapata kilele kizuri kikifuatwa na bonde zuri, anahesabu, na n2 inatoka kubwa kuliko ya oksidi ya zinki ya donge, yaani ya kipande kizima, mara mamilioni. Anaandika kwamba unano umeikuza sifa hiyo.

Ni joto. Chembe zinafyonza mwanga kidogo, au kimiminika kinafyonza, au uchafu unafyonza. Katikati ya mwale panapata moto, na kimiminika kikipata moto hupinda mwanga kidogo zaidi kuliko kilipokuwa baridi. Inazaliwa lenzi ya joto inayotawanya mwale, nayo inachora kilele kinachotangulia bonde, picha ileile ya n2 hasi. Elektroni za oksidi ya zinki hazikuhusika. Kuna kazi ya halali kabisa ya kupima sifa za joto kwa njia hii, mradi uziite kwa jina lake.

Hata leza ya mapigo haikuokoi peke yake. Joto la mwale wa mikromita 20 linachukua kama milisekunde 0.2 kutoweka kwenye kioo, na kama 0.7 kwenye maji. Leza ya femtosekunde ya MHz 80 inaleta pigo jipya kila nanosekunde 12.5. Kila pigo linakuta joto la maelfu ya mapigo yaliyotangulia. Kwenye Hz 10 kila pigo linakuta sampuli imeshapoa. Kwenye kHz 1 kioo kimepoa, maji yamepoa nusunusu.

Ukaguzi, kwa mpangilio wa wepesi wake. Pima kimiminika kitupu ndani ya kibomba kilekile: mchoro ukibaki, umepata jibu. Kisha weka kikata mwale na upunguze muda ambao leza inapiga. N2 ya elektroni haijali, ya joto inapungua. Tazama osiloskopu wakati mwale unafunguliwa: ishara ikitambaa kwa milisekunde kabla ya kutulia, unaitazama lenzi ya joto ikijengeka. Mwisho, ukiwa na uwezo, punguza kasi ya mapigo mara kumi huku nguvu ya kila pigo ikibaki ileile.

Kwa tando juu ya kioo, joto lina mwenzake, nacho ni kioo chenyewe. Utando wa nm 500 umekaa juu ya kibao cha mm 1. Kibao ni kinene mara 2,000. Oksidi ya zinki inaishinda silika kwa n2, lakini kwa mara makumi, haifiki elfu. Bila kupima kibao kitupu na kukitoa, namba unayoandika kwa jina la utando ni ya kibao.

Uwiano wa kutumia kama mizani: silika iliyoyeyushwa ina n2 karibu 2.7 × 10⁻²⁰ m²/W. Ukiwa na leza ya femtosekunde, ipime kwanza, na usiendelee mpaka upate namba iliyo karibu na hiyo. Vitabu vingi vitakuelekeza kutumia kaboni disulfidi. Ni kimiminika chenye sumu kinachoshika moto kwenye joto la chumba kwa cheche ndogo, na mvuke wake unaweza kuwaka kwa kugusa tu bomba lenye moto wa nyuzi 100 hivi. Kama maabara haina chumba cha kuvuta hewa kinachofanya kazi, usikifungue. Silika inatosha.

Bonde la kitundu wazi limekuwa refu mno

Kitundu kikiwa wazi, bonde kwenye fokasi linaashiria ufyonzaji wa fotoni mbili. Kabla ya kufurahia urefu wake, fanya hesabu moja. Pigo la mikrojuli 10 lenye nanosekunde 7, kwenye mwale wa nusu upana wa mikromita 20, lina ukali wa kama GW/cm² 0.2. Oksidi ya zinki ya donge kwenye nm 532 ina kigezo cha ufyonzaji wa fotoni mbili cha cm/GW 4 hadi 5. Zidisha pamoja na unene wa utando wa nm 500: unapata 0.00005. Bonde kama hilo halionekani kwenye kipimo chochote cha kawaida.

Sasa mtu analeta bonde la asilimia 10. Ili liwe la fotoni mbili, kigezo chake kingepaswa kuwa kikubwa kuliko cha donge mara zaidi ya 5,000. Sisemi haiwezekani nano kuongeza kitu. Nasema visababishi vingine vinatangulia kwenye foleni.

Cha kwanza, makosa ya hesabu ya ukali. Ukiweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, ukali unapotea mara nne. Ukisahau kile kizidisho cha 2 cha mwale wenye umbo la kengele, unapotea mara mbili. Cha pili, utawanyaji. Mapigo ya nanosekunde yanachemsha kimiminika kinachozizunguka chembe, viputo vidogo vinatokea, mwanga unatupwa pembeni, na kipokezi kinaona giza ambalo si la ufyonzaji. Weka kipokezi cha pili pembeni, nyuzi 20 au 30 kutoka kwenye mwale: kikipanda wakati kile cha mbele kinashuka, mwanga umetawanywa. Cha tatu, hatua mbili mfululizo kupitia kasoro za fuwele, ambazo zinafyonza kijani fotoni moja moja. Oka sampuli upya ndani ya oksijeni, pima tena. Bonde likipungua sana, zilikuwa kasoro. Cha nne, uharibifu. Chukua hadubini, angalia mahali palipopigwa kabla na baada. Nimeona bonde zuri sana ambalo kumbe lilikuwa shimo likichimbika, na skani ya pili mahali pale ilikuwa tambarare.

Badala ya bonde ukipata kilima, yaani sampuli inapitisha zaidi kwenye fokasi, kasoro au uchafu wenye rangi umeshiba. Hilo ni tokeo halali, lieleze hivyo.

Jana ilifanya kazi, leo haifanyi

Kwa chembe zilizo kwenye kimiminika, zimetuama au zimeshikana. Tikisa kwa mawimbi ya sauti robo saa hadi nusu saa, kisha pima mkunjo wa ufyonzaji wa kawaida kabla na baada ya kila skani. Bega la karibu na nm 370 likishuka, chembe zimeondoka njiani. Usiache kimiminika kikae siku nyingi wala kigusane na asidi, maana oksidi ya zinki huyeyuka kwenye asidi na pia kwenye alkali kali.

Kwa leza, iache iwake nusu saa kabla ya kuandika chochote, na gawanya kila pigo kwa pigo la kipokezi cha rejeo. Umeme unaopanda na kushuka unabadilisha nguvu ya taa za kupampu, na kwa kuwa harmoniki ni mraba, upungufu wa asilimia 10 kwenye leza ni karibu asilimia 20 kwenye ishara.

Wanaofanya kazi Pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, watazame unyevu wakati wa kukausha tando. Utando unaokauka kwenye hewa nzito hutoka na ukungu mweupe, na ukungu huo ndio mtawanyaji niliyemtaja juu. Upeleke kwenye sahani ya moto mara tu unapotoka kwenye mashine ya kuzungushia, ile inayosambaza kimiminika juu ya kioo.

Pale mikono yako inapoishia

Sanduku la umeme la leza ya mapigo usilifungue. Kapasita zake zinaweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Leza ikikataa kuwaka, ikitoa harufu ya kuungua au maji ya kupozea yakivuja, zima swichi kuu na umwite fundi wa leza aliyefunzwa kwa mashine hiyo. Fundi umeme wa jengo hatoshi.

Vioo vya leza mwilini mwake, vile vilivyo ndani ya kifuniko, usivikaze kwa kubahatisha ili kupata nguvu zaidi.

Miwani iwe ya urefu wa wimbi unaoutumia. Miwani ya kuzuia leza ya kijani haizuii nm 1064, nao mwale huo hauonekani. Unaichoma retina bila maumivu wala onyo. Leza ndogo za kijani za bei nafuu nazo zimo kwenye tahadhari hii, kwa sababu ndani zinaanza na nm 808 na nm 1064, na ikikosekana kichujio mwisho wake, infraredi hiyo inatoka pamoja na kijani.

Kiyeyusho cha 2-methoksiethanoli kinachotumika kutengeneza tando kinadhuru uzazi na mimba, kwa hiyo kazi yake ni ndani ya chumba cha kuvuta hewa na kwa glavu zinazofaa. Ukiwa mjamzito, mwachie mwenzako hatua hiyo, au tengeneza kwa ethanoli.

Na ukiona doa jeusi au la rangi ambalo halisogei unapopepesa macho, au mwanga ulikupiga na huna uhakika, usisubiri kesho na usimalizie skani. Funga mwale, mwambie mwenzako, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo ukiwa umeandika kwenye karatasi urefu wa wimbi, nishati ya pigo na muda wake. Daktari atahitaji namba hizo kabla hata hajachukua taa yake.